Mwenzangu kwa Kihispania: socio, compañero au pareja?

"Mwenzangu" wa Kiswahili hubeba wengi, Kihispania huwatenganisha. Mbia wa biashara ni socio, au socia akiwa mwanamke. Mfanyakazi mwenzako ni compañero de trabajo. Ukimwita socio, msikilizaji anaweza kudhani mna hisa pamoja. Mpenzi wa kudumu, mmeoana au la, ni pareja. Hapa ndipo wengi huteleza: neno hili ni la jinsi ya kike daima, hata kwa mwanamume. Sema "Juan es mi pareja", wala usimwite parejo, maana hilo ni "sawasawa, bila mabonde". Tena "una pareja" huweza kuwa watu wawili kwa pamoja. Novio ni mpenzi au mchumba, ila siku ya ndoa ndiye bwana harusi.