Somo: Kutafuta kazi ya kwanza wakati hujawahi kuajiriwa

Somo hili linawahusu vijana walio masomoni au waliomaliza hivi karibuni, ambao kila tangazo la kazi wanalolisoma linadai uzoefu nao wanadhani hawana. Nashikilia kwamba wengi wao wanao, ila hawajauandika kwa namna ambayo mwajiri anaweza kuuona na kuuthibitisha.

Hatua ya kwanza: fahamu umri wako unakuruhusu kufanya nini. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1973, unaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 15, huku nchi ambazo uchumi na elimu yake havijaendelea vya kutosha zikiruhusiwa kuanzia miaka 14, na kazi zinazohatarisha afya, usalama au maadili zikingoja hadi miaka 18. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo isome kabla ya kuomba.

Hatua ya pili: andika wasifu wenye ushahidi. Tumia muda mwingi hapa kuliko penginepo. Orodhesha kila jambo ulilowahi kukabidhiwa na watu wakakutegemea: kutunza fedha za chama cha wanafunzi, kuwafundisha wadogo zako hesabu, kuhudumia wateja katika biashara ya familia. Kijana anayeandika "Mimi ni mchapakazi na mwaminifu" hajamwambia mwajiri kitu, kwa sababu karibu kila mwombaji ameandika hivyo hivyo. Akiandika "Nilikuwa mweka hazina wa klabu yenye wanachama 40 kwa mwaka mmoja, nilikusanya michango kila wiki, nikaiingiza daftarini na kusoma taarifa ya fedha katika mkutano wa kila mwezi", uaminifu wake unaonekana bila kutajwa, na mwajiri anajua amuulize nani ili kuhakikisha. Ukurasa mmoja unatosha. Taja wadhamini wawili wasio ndugu zako, baada ya kuwaomba ruhusa.

Hatua ya tatu: wajulishe watu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha kuwa waliopata kazi kupitia watu wanaowafahamu walipewa habari zaidi na wale wanaoonana nao mara chache kuliko marafiki wa karibu. Rafiki wa karibu kwa kawaida anajua yale yale unayoyajua wewe, ilhali mwalimu wako wa zamani anakutana na watu wengine kabisa. Ukimwendea, mweleze unatafuta kazi ya aina gani, siku zipi una nafasi na unaweza kuanza lini.

Hatua ya nne: jiandae kwa usaili. Chagua mambo mawili kutoka kwenye wasifu wako na ujizoeze kuyasimulia kwa sauti, kisha andaa maswali yako kuhusu saa za kazi, malipo na msimamizi wako.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 17. Wakala amenieleza kuwa nafasi ipo, lakini nilipe kwanza ada ya usajili. Je, ndio utaratibu?

Jibu: Marahaba. Usilipe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada au gharama, isipokuwa pale ambapo mamlaka ya nchi imeruhusu kwa makundi maalumu. Mtu anayedai fedha kabla hata hajakusaili ana kila dalili ya utapeli, nami nakusihi umweleze mzazi au mlezi leo hii.

Swali: Nikipewa kazi ya kujitolea isiyo na malipo, niikubali?

Jibu: Ikubali ikiwa ina muda maalumu, kuna mtu wa kukufundisha, na utapewa barua ya kuthibitisha ulichofanya. Ukiona unafanya kazi ile ile ya mwajiriwa anayelipwa, bila mwisho unaojulikana, hapo unanyonywa.

Swali: Nimetuma maombi, sijajibiwa. Nifanyeje?

Jibu: Wiki moja baada ya tarehe ya mwisho ya maombi, tuma ujumbe mfupi ukitaja jina lako, nafasi uliyoomba na tarehe uliyotuma, kisha uulize kwa heshima kama uteuzi umekamilika. Tuma mara moja tu, na wakati unangoja endelea kuomba kwingine.