Kujenga timu ya mbio za nyika katika chuo kidogo: anza na mtu wa tano

Adams State ni chuo kikuu kidogo mjini Alamosa, kusini mwa jimbo la Colorado, Marekani, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,300, chini kidogo tu ya ule wa Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya. Mwaka 1992 wanaume wake, wakifundishwa na Joe Vigil, walishika nafasi ya 1 hadi ya 5 katika ubingwa wa mbio za nyika wa Daraja la Pili la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Nafasi ya mkimbiaji ndiyo pointi zake, kwa hiyo hizo ni pointi 15, na kupungua zaidi ya hapo haiwezekani. Chuo cha namna hii hakina fedha za kutamba katika kila mchezo. Kinachagua mmoja unaoendana na ardhi yake na mfuko wake, kisha kinaujenga kwa subira.

Hesabu kwanza

Wanaokimbia kwa kila timu ni saba, wanaohesabiwa pointi ni watano wa mwanzo, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wa sita na wa saba hawahesabiwi, lakini kila mmoja akimtangulia mtu wa tano wa wapinzani humwongezea pointi moja. Chuo chenye nyota watatu walioshika 1, 2 na 3, halafu wa nne akaja wa 40 na wa tano wa 60, kina pointi 106. Chuo kisicho na mtu yeyote kwenye kumi bora, lakini watano wake wameingia 15, 18, 20, 22 na 25, kina 100, na kombe ni lake.

Kwa hiyo kila baada ya shindano pima kwanza pengo kati ya mtu wako wa kwanza na wa tano. Kwenye kilomita 8, likizidi dakika moja bado huna timu. Sekunde 40 au chini ya hapo ni dalili nzuri. Makocha wengi hukosea hapa: wanamaliza ufadhili wote kwa kijana mmoja mwenye muda mkali. Daraja la Pili limekuwa likiruhusu jumla ya ufadhili kamili wa masomo 12.6 kwa wanaume, riadha na nyika pamoja, na unaweza kugawanywa vipande. Ugawe. Tafuta wakimbiaji 12 hadi 15 wanaokaribiana, maana ifikapo Novemba wawili au watatu watakuwa wameumia. Fuatilia pia alama za darasani kuanzia wiki ya nne ya muhula. Aliyeshindwa masomo hapangwi.

Wiki ya mazoezi

Msimu ukianza, kanuni zinaruhusu saa 20 kwa wiki, na siku moja ya mapumziko ni lazima. Zinatosha. Siku mbili ziwe ngumu: Jumanne kilomita 6 hadi 8 kwa kasi ya kubana, ile ambayo mtu anaweza kutamka maneno matatu au manne tu, Ijumaa mita 1,000 mara sita, kila mara wapumzike dakika 2 hadi 3. Jumapili kilomita 16 hadi 20 taratibu, na Jumatatu wapumzike. Siku zilizobaki ni mbio nyepesi za kilomita 8 hadi 12, na mwisho wake mita 100 mara sita za kunyoosha miguu.

Siku nyepesi ndizo zinazoharibu timu nyingi. Vijana wanaogombea nafasi saba hugeuza kila asubuhi kuwa shindano. Wanang'ara Septemba, kisha Novemba, ubingwa unapofika, miguu imekufa. Waweke katika makundi ya kasi tofauti, na anayeongoza kundi akatazwe kuongeza mwendo. Ongeza kilomita kwa wiki tatu, ya nne ipunguze kwa robo. Maumivu ya ugoko yanayobaki sehemu moja na kuuma hata wakati wa kutembea huenda ni ufa wa mfupa: asimamishwe siku hiyo hiyo na apelekwe kupigwa picha.

Mwinuko, damu na chakula

Anayetoka pwani asipewe mazoezi ya kasi kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo. Baada ya hapo mwongezee muda wa kupumzika kati ya vipande, maana huku juu kasi yake ya zamani haiwezekani. Mwili unatengeneza damu zaidi, na kwa kazi hiyo unahitaji madini ya chuma. Wapimwe damu, pamoja na akiba ya chuma, kabla ya msimu na katikati yake. Vidonge vitolewe na daktari tu, kwani chuma kikizidi kinadhuru. Chai na kahawa zinywewe saa moja au zaidi mbali na mlo, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Chungwa au ndimu pamoja na maharage husaidia.

Kwa wasichana, hedhi iliyokatika ni onyo kwamba chakula hakitoshelezi mazoezi, na mifupa iko hatarini. Kocha anayefurahia wepesi wa mwili wa namna hiyo anamuumiza mwanafunzi wake.

Siku ya mbio

Kagueni njia yote kwa miguu siku moja kabla. Njumu zenye misumari ya milimita 6 zinatosha kwenye ardhi kavu. Kwenye tope fungeni misumari ya 12 au 15, na bebeni ya akiba pamoja na ufunguo wake. Kilomita mbili za kwanza timu ikimbie pamoja, wa tano akiwa anawaona wenzake wote mbele yake.