Mwalimu na Dozi ya Nyongeza ya UVIKO-19: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Siku

Mwalimu anayeuliza achanjwe lini dozi ya nyongeza ya UVIKO-19 huwa amebeba maswali mawili katika kauli moja. La kwanza ni la mwili wake: je, kinga aliyonayo imepungua kiasi cha kuhitaji kuongezewa, na akiambukizwa leo ataugua kwa uzito gani? La pili ni la kazi yake: ni siku ipi anaweza kushikwa na homa bila darasa kukosa mwalimu? Maswali haya hayana uzito sawa, na mara nyingi nimeona la pili likitangulizwa kwa sababu ndilo jepesi. Kalenda ya muhula imebandikwa ukutani, ilhali habari za mwili zimo katika faili la hospitali ambalo hakuna anayelifungua mpaka augue. Mwalimu mwenye kisukari anaweza kujikuta ameahirisha miezi mingi akisubiri likizo, na kumbe kwa hali yake juma lolote la kawaida lilitosha. Kwa hiyo naanza na mwili, na kalenda itafuata.

Kabla ya yote ni vyema kujua kwamba nafasi ya walimu katika foleni ya chanjo imebadilika. Shule zilipofungwa mwaka 2020, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani waliathirika, na ilipofika Desemba mwaka huo UNICEF na UNESCO zilitoa wito walimu wawe miongoni mwa watu watakaotangulizwa chanjo itakapopatikana. Nchi nyingi ziliitikia. Walimu wengi walichanjwa mapema kwa sababu ya kazi yao, bila kuulizwa sana kuhusu afya zao, na mazoea hayo yamebaki: hadi leo wapo wanaoamini kwamba kila mwalimu, kwa kuwa tu ni mwalimu, anastahili nyongeza kila baada ya miezi kadhaa. Shirika la Afya Duniani lilipopanga upya makundi ya kipaumbele Machi 2023, kundi la juu lilibaki na wazee, watu wazima wenye magonjwa sugu mazito, wenye kinga dhaifu, wajawazito, pamoja na wahudumu wa afya walio mstari wa mbele. Mwalimu mwenye umri wa miaka 35 asiye na ugonjwa wowote aliwekwa kundi la kati, yaani lile lililoshauriwa wakati huo kukamilisha dozi za awali na nyongeza ya kwanza. Nyongeza za baadaye ni salama kwake, lakini hazipendekezwi kama jambo la kawaida. Zaidi kidogo ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Mei 2023, shirika hilo hilo lilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa ya afya. Kila nchi ina mwongozo wake, na mwongozo huo ndio unaotumika katika kituo utakachokwenda, kwa hiyo usome ule unaotumika sasa na usitegemee tangazo ulilolisikia miaka mitatu iliyopita.

Sasa jiulize wewe mwenyewe uko kundi gani, na ujijibu kwa ukweli. Umri ndio unaopima hatari kuliko jambo jingine lolote: mwalimu aliyevuka miaka 60 yuko mbali na mwenzake wa miaka 30, hata kama wote wawili wanapanda ngazi za ghorofa bila kuhema. Baada ya umri yanafuata maradhi ya moyo, kisukari, maradhi ya figo, maradhi sugu ya mapafu na unene uliopitiliza. Shida ya maradhi haya ni kwamba mtu akiishi nayo miaka mingi huyazoea, akaacha kuyahesabu. Anayemeza kidonge kila asubuhi na kipimo chake kikasoma vizuri hujiona mzima, na ni kweli amedhibiti ugonjwa, lakini akijaza fomu ya chanjo bado anapaswa kuutaja.

Wenye kinga dhaifu wanahitaji uangalifu wa pekee. Hapa namkusudia aliyepandikizwa kiungo, anayetibiwa saratani, anayeishi na VVU huku kinga yake ikiwa chini, na anayetumia dawa za kutuliza kinga kwa ajili ya maradhi ya viungo, ngozi au utumbo. Mwili wa mtu wa namna hii huenda usiitikie chanjo kwa nguvu ya kawaida, na ndiyo maana hushauriwa kuirudia mapema zaidi, mara nyingi baada ya miezi 6, wakati wengine wa kundi la juu wanaweza kukaa hadi miezi 12. Kama dawa zake hutolewa kwa mizunguko, siku ya chanjo ipangwe na daktari anayemtibu, kwa sababu chanjo iliyodungwa mara tu baada ya dawa kali inaweza kukuta seli za kinga zimelala. Asisimamishe dawa kwa uamuzi wake ili kupisha chanjo. Hilo lina madhara makubwa kuliko kuchelewa wiki mbili.

Mwalimu mjamzito anaweza kuchanjwa katika kipindi chochote cha ujauzito, na kingamwili anazozitengeneza, yaani protini za damu zinazopambana na kirusi, humfikia mtoto tumboni, faida iliyo kubwa kwa kuwa mtoto mchanga bado hajafikia umri wa kuchanjwa. Anayenyonyesha hana sababu ya kusubiri wala kumwachisha mtoto ziwa. Wapo pia walimu wazima wa afya wanaoishi na mzazi mzee au mgonjwa nyumbani. Hawa wana haki ya kuuliza kama mwongozo wa nchi yao unawahesabu katika kundi la kipaumbele.

Baada ya kujua kundi lako, tafuta tarehe mbili: ya dozi ya mwisho na ya maambukizi ya mwisho. Usizitafute kichwani. Toa kadi ya chanjo pale ilipohifadhiwa, na kama muhuri umefunika mwezi ukabaki mwaka tu, kama inavyotokea mara nyingi, omba kituo kikusomee kutoka kwenye daftari au mfumo wao. Tarehe hizi zina maana kwa sababu ya namna kinga inavyofanya kazi. Kingamwili hupanda ndani ya wiki mbili hivi baada ya dozi ya nyongeza, kisha huteremka polepole, na pamoja nazo huteremka uwezo wa kuzuia usiambukizwe kabisa. Ndani ya miezi michache uwezo huo huwa umepungua sana. Lakini seli za kumbukumbu hubaki, na ndizo zinazozuia ugonjwa usifike mahali pa kulazwa. Kwa hiyo mwalimu aliyepata mafua ya UVIKO-19 miezi minane baada ya chanjo asiseme ilikuwa kazi bure. Kama alijitibu kitandani kwake na akapona, huenda hayo ndiyo yaliyokusudiwa.

Aliyeugua hivi karibuni hana haraka. Maambukizi yenyewe huamsha kinga, na mamlaka kadhaa za afya humruhusu mtu asubiri miezi 3 hivi baada ya kuugua kabla ya kuchukua nyongeza. Kwa mwalimu wa kundi la hatari kubwa, au pale wimbi jipya linapopanda, kusubiri huko si lazima, mradi awe amepona. Anayeona kikohozi kilichompata mwezi uliopita “lazima kilikuwa Korona” ilhali hakupima, asikihesabu. Homa na kikohozi vina wazazi wengi, na mtu anayejipa kinga ya kudhania anaweza kuvuka msimu mzima bila kinga.

Swali linalosikika sana katika chumba cha walimu ni kama inafaa kungoja toleo jipya la chanjo. Kirusi hiki hubadilika. Aina ya Omicron ilitambuliwa rasmi tarehe 26 Novemba 2021, vizazi vyake vikafuatana, na watengenezaji wakawa wanarekebisha chanjo: ya mwaka 2023 ililenga kizazi cha Omicron kiitwacho XBB.1.5, na ya mwaka 2024 ililenga ukoo wa JN.1. Toleo jipya huendana vizuri zaidi na kirusi kinachozunguka wakati huo. Hata hivyo, msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtu anayestahili asicheleweshe chanjo kwa kungojea toleo ambalo bado hajaweza kulipata, kwa sababu chanjo iliyopo bado hulinda dhidi ya ugonjwa mkali. Kwangu mimi jibu hutegemea kundi. Mwalimu wa miaka 62 mwenye shinikizo la damu asingoje. Kijana mwenye afya, ambaye anajua kwamba toleo jipya litafika kituoni baada ya wiki tatu, hapotezi kitu akisubiri.

Hapo ndipo kalenda ya shule inapoingia. Kwa kuwa kingamwili huhitaji kama wiki mbili kupanda, wakati unaofaa kwa wengi ni wiki mbili au tatu kabla shule hazijafunguliwa, ili mwalimu aingie darasani kinga ikiwa imekomaa. Siku za mwanzo wa muhula ndizo zinazokusanya wanafunzi kutoka kila upande, na vyumba vilivyokaa kimya hujaa pumzi na sauti kwa saa nyingi mfululizo. UVIKO-19 haufuati majira kwa utii kama mafua ya kawaida. Mawimbi yake yanaweza kupanda mara mbili au zaidi kwa mwaka, kwa hiyo taarifa za wizara ya afya kuhusu maambukizi yanayoongezeka ziwe na uzito kuliko mazoea ya mwezi fulani.

Kama likizo imepita, chagua siku ambayo kesho yake huna vipindi. Homa, uchovu, kichwa kuuma na maumivu ya misuli huanza kwa kawaida ndani ya saa kadhaa hadi siku moja, na huisha kwa siku moja hadi tatu. Usichanjwe jioni ya kuamkia usimamizi wa mitihani, wala siku ya mwisho ya kukabidhi alama. Na fikiria mkono. Mara ya kwanza nilidungwa mkono ninaoandikia, na asubuhi yake nilisimama mbele ya ubao nisiweze kuinua chaki juu ya usawa wa bega. Nikaandika nusu ya chini ya ubao tu, na wanafunzi wa nyuma wakawa wanasimama ili wasome. Tangu hapo nimetoa mkono wa kushoto, na nimemwomba mdungaji asubiri niulegeze kwanza. Walimu wa shule moja wasiende wote siku moja. Mwalimu mkuu akipanga makundi mawili yaliyopishana siku chache, hakuna darasa litakaloachwa. Katika kupanga huko asimuulize mtu ugonjwa wake mbele ya wenzake. Anachohitaji kukijua ni siku tu.

Yapo mambo ya kumwambia mtoa chanjo kabla hajavuta dawa kwenye sindano: mzio mkali uliowahi kukupata, hasa baada ya dozi iliyotangulia; uvimbe wa misuli ya moyo uliowahi kufuatia chanjo, ambao ni nadra na huonekana zaidi kwa wavulana na vijana wa kiume; na dawa za kuzuia damu kuganda, ili mahali pa sindano pakandamizwe kwa dakika mbili au zaidi. Mwenye homa siku hiyo aahirishe mpaka apone. Mafua mepesi yasiyo na homa si kizuizi. Chanjo ya mafua ya msimu inaweza kutolewa siku hiyo hiyo kwenye mkono mwingine, jambo linalomwokolea mwalimu safari ya pili, ingawa uchovu wa kesho yake unaweza kuzidi kidogo. Mwalimu wa kike anayetarajia kupimwa matiti kwa picha ataje chanjo aliyoipata karibuni, kwa kuwa mitoki ya kwapani inaweza kuvimba kwa muda na kumtia mpimaji wasiwasi usio na sababu.

Wapo wanaoogopa kuwaambukiza wanafunzi baada ya kuchanjwa. Chanjo za UVIKO-19 zinazotumika kwa wingi hazina kirusi hai cha ugonjwa huu, kwa hiyo homa ya chanjo haiambukizi. Na wapo wanaomeza dawa ya maumivu asubuhi ili kuzuia homa isije. Hilo halishauriwi. Subiri dalili zije, ndipo umeze parasetamoli ikihitajika. Kifua kikiuma, pumzi ikikata au moyo ukidunda kwa namna usiyoizoea katika siku zinazofuata, nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja vipindi viishe.

Baada ya sindano utaombwa ukae kituoni dakika 15, au 30 kama umewahi kupata mzio mkali. Usiombe kuondoka mapema kwa sababu ya kipindi cha saa nne. Tumia dakika hizo kuisoma kadi kabla hujaitia mfukoni: jina la chanjo, toleo lake, na tarehe iliyoandikwa kwa wino unaosomeka, kisha uinakili tarehe hiyo nyuma ya shajara yako ya maandalio ya masomo, pale ambapo mwakani utaiona bila kuitafuta.