Somo: Kupima usomaji wa mtoto mmoja mmoja katika darasa lililojaa

Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima, madarasa ya mwanzo katika shule nyingi za vijijini Tanzania yamefurika, na mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mwenye watoto mia na zaidi hulazimika kusomesha kwa kuitikia. Kuitikia kuna faida yake, ila kunaficha. Niliwahi kumsikiliza mtoto wa darasa la pili akisoma ukurasa mzima bila kosa, huku kidole chake kikiwa mistari miwili chini ya maneno yaliyomtoka. Nilipoifunika picha kwa kiganja, akanyamaza.

Hatua ya kwanza: karatasi tatu. Ya kwanza iwe na herufi 50, kumi katika kila mstari, zikiwa zimechanganywa, kwa kuwa zikifuata mpangilio wa alfabeti mtoto ataziimba tu. Ya pili iwe na silabi, kuanzia zile nyepesi kama *ma* na *ki* hadi *mba*, *nywe* na *ng'o*, pamoja na maneno ya kubuni kama *lutafe* na *pomiki*, ambayo hakuna aliyewahi kuyakariri. Ya tatu iwe habari fupi uliyoitunga mwenyewe, isiyomo katika kitabu chochote cha shule. Kwa mfano:

*Neema alitumwa maji kisimani. Aliporudi, alimkuta mbuzi wa jirani amenasa kwenye miiba. Alitua ndoo akamnasua. Mbuzi aliruka akaipiga ndoo teke. Neema alifika nyumbani akilia.*

Hatua ya pili: mahali. Chini ya mwembe panatosha, mradi wenzake wasisikie. Keti ubavuni mwake, muulize kwanza habari za nyumbani, na fimbo ibaki ofisini.

Hatua ya tatu: dakika moja kwa kila karatasi. Katika herufi, mtoto ataje sauti, si jina. Anayesoma *m* kama "em" hataweza kuiunganisha na *a* akapata *ma*. Akikwama kwa sekunde tatu, mwelekeze kwenye inayofuata na uhesabu kosa. Akikosa mstari wote wa kwanza, simamisha zoezi hilo kwa upole. Wewe weka alama katika nakala yako bila kumsahihisha, jambo ambalo kwa mwalimu ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwishoni toa makosa katika jumla aliyofikia: aliyefikia herufi ya 43 akiwa na makosa 7 amesoma herufi 36 kwa dakika.

Hatua ya nne: ufahamu. Hapa msikimbie. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyezoea silabi anaweza kutamka habari nzima vizuri bila kujua inasema nini. Katika habari ya Neema ninauliza mambo matatu: alitumwa nini, alimkuta nani, na kwa nini alikuwa analia. Majibu mawili ya mwanzo yameandikwa waziwazi. La tatu halikuandikwa, na ndilo linalonionesha kama mtoto ameiona ndoo ikimwagika.

Hatua ya tano: makundi. Wapange watoto kwa wanachoweza: asiyejua herufi, ajuaye herufi, aunganishaye silabi, asomaye bila kuelewa, na asomaye akaelewa. Kila kundi lipewe kazi yake kesho yake.

Maswali ya walimu

*Mwalimu, nina watoto 120 na niko peke yangu. Nitawamaliza lini?*
Pima sita kwa siku, wengine wakiwa wanaandika. Kwa siku ishirini za masomo, yaani wiki nne, utakuwa umewafikia wote. Anza na wale wanaokaa nyuma.

*Niko Longido, na watoto wangu wengi huzungumza Kimaasai nyumbani. Akinijibu kwa Kimaasai, nimpe alama?*
Ndiyo, ila iandike katika safu yake peke yake. Aliyejibu sawasawa kwa Kimaasai ameelewa alichosoma, na anachohitaji ni mazungumzo ya Kiswahili. Ukimrudisha kwenye silabi utampotezea mwaka.

*Anayesoma "kalamu" kama "karamu" amekosa?*
Ikiwa ndivyo anavyotamka hata akizungumza, hajakosa. Ikiwa hutofautisha *l* na *r* katika mazungumzo, basi amekosa.

*Ndugu mwezeshaji, sina saa ya kuhesabu sekunde.*
Simu nyingi za kitochi zinayo. Itafute, uijaribu kabla ya kumwita mtoto.

*Mwalimu mkuu anataka nibandike matokeo ukutani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.*
Mwoneshe idadi ya watoto katika kila kundi, na majina yabaki katika daftari lako. Mtoto wa miaka saba akijiona wa 118, mara ya pili ukimwita chini ya mwembe hatafungua mdomo, nawe hutakuwa na cha kupima.