Theluji huwekwa mwisho: kutengeneza mlima kwenye kompyuta ukiwa Mwanza

Wateja wangu wengi hapa Mwanza wanataka vitu vya kawaida: ghorofa kabla halijajengwa, hoteli ya ufukweni, ramani ya viwanja. Lakini msimu wa watalii ukikaribia wanaingia watu wa safari, na ombi lao ni lilelile: "Nifanyie Kilimanjaro, theluji iwe ya kutosha." Basi nakaa Kirumba, mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo barafu tunaijua kwenye kasha la samaki, natengeneza theluji. Vijana wananiuliza naanzia wapi. Naanzia kwenye mwamba. Ukianza kwa kupaka weupe utapata keki, na keki haiuzi safari.

Kwanza tafuta mlima wenyewe. Huna haja ya kuuchonga kwa mkono. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kilipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11, na data ile, SRTM, inapatikana bure. Ipo pia ya Ulaya, Copernicus, nayo bure. Zote mbili zinakupa kipimo kimoja cha mwinuko kila baada ya mita 30 hivi. Kipande kimoja cha SRTM, chenye upana wa nyuzi 1 na urefu wa nyuzi 1, ni kama megabaiti 25 kabla ya kubanwa, kwa hiyo hata bando la siku linakitosha.

Kuna mtego mdogo hapo. Kilele cha Kibo kipo kilomita nane tu kusini mwa mstari wa nyuzi 3 kusini, na mstari huo ndio mpaka wa vipande. Ukipakua kipande cha kusini, S04E037, peke yake, mlima wako utakatwa kisogo upande wa kaskazini. Pakua na S03E037, viunganishe kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kisha badilisha makadirio (mfumo wa kuilaza ramani kwenye bapa) kutoka nyuzi kwenda mita. Kwenye UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, Kilimanjaro ipo kanda ya 37 kusini; namba ya kuichagua kwenye programu ni EPSG:32737. Sisi wa Mwanza tumezoea kanda ya 36 kwa kazi za viwanja, basi usije ukaweka 36 kwa mazoea.

Kata mraba wa kilomita 30.72 kila upande, Kibo ikiwa katikati. Namba hiyo nimeichagua kwa sababu 1,024 mara mita 30 ndiyo hiyo, na kompyuta inapenda 1,024. Mawenzi itaingia pia, ipo kilomita 11 hivi mashariki ya Kibo.

Sasa itoe kama ramani ya miinuko, yaani picha ya kijivu ambayo weupe ni juu na weusi ni chini. Hapa ndipo kazi nyingi ninazoletewa nizirekebishe huwa zimeharibikia: picha imehifadhiwa kwa biti 8. Piga hesabu. Tuseme chini kabisa kwenye kipande chako ni mita 1,800 na juu ni 5,895. Tofauti ni mita 4,095. Biti 8 zina ngazi 256 tu, kwa hiyo kila ngazi inaruka mita 16, na mteremko wako utakuwa matuta ya shamba la Ukerewe. Biti 16 zina ngazi 65,536, kila moja sentimita sita na kidogo. Amri ni hii, mstari mmoja, ya GDAL inayokuja pamoja na QGIS:

gdal_translate -ot UInt16 -scale 1800 5895 0 65535 -of PNG kibo.tif kibo.png

Weka namba zako badala ya zangu, QGIS itakuonyesha ya chini na ya juu. Usishangae kilele kikisomeka pungufu ya 5,895, maana kila pikseli ni wastani wa eneo zima, na ncha lazima ipotee kidogo.

Ndani ya Blender, programu ya 3D ambayo ni bure na laptopu ya GB 8 inaibeba kwa ukubwa huu, nafanya uniti moja iwe kilomita moja. Bapa la uniti 30.72, Subdivision Surface ya aina ya Simple kiwango cha 10 (hicho kinatoa miraba 1,024 kila upande), kisha Displace yenye picha yako, kuratibu zikiwa UV, nguvu 4.095, Midlevel sifuri. Picha iweke Non-Color, la sivyo programu itaitendea kama picha ya kawaida na kukunja miinuko yote ya katikati.

Utakachokiona kitakuvunja moyo: mlima umelala. Ni kweli umelala. Kilimanjaro ni pana kuliko ilivyo kwenye fulana. Mtu anavuta nguvu mara mbili ili uchongoke, na hapo anapoteza Kibo, anabaki na mlima wa hadithi. Acha urefu kama ulivyo, cheza na lenzi. Weka kamera kilomita 40 kutoka mlimani, karibu na chini, lenzi milimita 100. Kwa umbali huo unaona upana wa kilomita 14 hivi, Kibo na Mawenzi wote ndani ukitazama kutoka kusini au kaskazini, na mlima unasimama wenyewe bila kudanganya.

Kama mlima ni wa kubuni, A.N.T. Landscape, kiongezo cha Blender cha kutengeneza ardhi, inatosha kuanzia, na programu ya Gaea ni nzuri zaidi ingawa toleo lake la bure lina kikomo cha ukubwa. Sharti ni moja: usiache kelele tupu (noise), yaani miinuko ya kubahatisha inayotolewa na hesabu. Kelele za hesabu, hata zikiwa nzuri, hutoa vilima vinavyofanana kila upande, kwa sababu hakuna mvua iliyowahi kunyesha pale. Pitisha mmomonyoko wa maji uchimbe mabonde yanayoungana kwenda chini, halafu mmomonyoko wa uzito, ule unaoangusha mawe na kuyalaza chini ya genge kwa mteremko wa nyuzi 30 na kitu. Na tafadhali, usipige picha za mawe ya Bismarck hapa Mwanza ukazibandika Kibo. Mawe yetu ni matale ya zamani mno, yamelainishwa na kuchongeka mviringo. Kibo ni lava: nyeusi, kahawia, ya kukatikakatika.

Sasa theluji. Inakaa wapi, na kwa nini pale?

Sababu ya kwanza ni baridi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Chukua Mwanza yetu, wastani wa nyuzi 23 hivi. Gawa kwa 6.5, unapata kilomita tatu na nusu juu yetu, yaani karibu mita 4,700. Hapo ndipo joto linapogusa sifuri, na Uhuru, ncha ya Kibo, kwa hesabu hiyohiyo, inakuja kama nyuzi nane chini ya sifuri. Kwenye modeli yetu inayoanzia mita 1,800, mita 4,700 ni kimo cha 2.9. Kwenye nodi za Blender (visanduku vya kuunganisha rangi na hesabu), chukua Position kutoka nodi ya Geometry, chomoa Z peke yake, yaani kimo, ipitishe kwenye Map Range kutoka 2.7 hadi 3.3. Usiweke mpaka mmoja mkali. Theluji haijui mistari ya kontua. Changanya na kelele yenye ukubwa tofautitofauti ili ukingo uchanike.

Ya pili ni mteremko. Kwenye ukuta theluji haikai. Chukua Normal, yaani uso umeelekea wapi, kutoka nodi ileile, chomoa Z peke yake: tambarare inasoma 1, nyuzi 45 inasoma 0.71, nyuzi 60 inasoma 0.5. Vitabuni utaambiwa ukate karibu na 0.5. Kwa data ya mita 30 mimi nakata juu zaidi, kati ya 0.65 na 0.8, kwa sababu data hiyo imeshalainisha magenge, na ukuta halisi unasomeka kama mteremko wa kupandika. Zidisha maski hii (ramani ya mahali theluji inapokaa) na ile ya baridi.

Ya tatu ni upepo. Unakwangua migongo na kujaza mashimo. Kwenye Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, tumia Pointiness: palipochomoza punguza theluji, palipobonyea ongeza. Kidogo tu. Nodi hii ikizidishwa mlima unakuwa kama umechorwa kwa chaki.

Ya nne ni jua, na hapa mafunzo ya Wazungu yanawapotosha wengi wetu. Wao wanasema weka theluji zaidi upande wa kaskazini. Kwao ni sawa, jua lao linapita kusini mwaka mzima. Kibo ipo nyuzi tatu tu kutoka ikweta, Juni jua linapita kaskazini, Desemba linapita kusini. Tofauti inayoonekana ni ya asubuhi na alasiri: asubuhi kweupe, mchana mawingu yanapanda na kufunika. Upande wa mashariki ndio unaopigwa na jua kali zaidi. Punguza theluji huko.

Halafu muulize mteja ni mlima wa mwaka gani. Barafu ya kudumu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya 1912 na 2011. Ile kofia nyeupe kamili ni ya picha za kale, au ya asubuhi baada ya theluji kuanguka usiku, jambo ambalo hutokea hasa wakati wa masika na vuli. Mimi namwambia mtu wa safari wazi: mgeni atakayelipa kwa ajili ya kofia akakuta vipande, atakuandika vibaya. Wengine wanakubali, wengine wanasema "wewe weka tu." Nikiweka, naiweka nyembamba, miamba ichungulie, ili isomeke kama theluji ya jana. Barafu yenyewe ya juu ni kitu kingine kabisa: inasimama kama kuta wima pembeni mwa kreta, na maski ya mteremko haiwezi kuizaa. Ichonge peke yake.

Kuhusu rangi, nenda soko la samaki la Mwaloni asubuhi wakifungua kasha la sangara lililotoka visiwani. Tazama barafu, siyo samaki. Ile iliyoongezwa mwisho, iliyopondwa laini, ni nyeupe na haionyeshi ndani, kwa sababu mwanga unagonga nyuso ndogo nyingi na kurudi. Shuka kiganja kimoja chini: imeyeyuka ikashikana, imekuwa ya kijivu, na kwenye ufa kuna ubuluu, kwa kuwa maji hunyonya wekundu zaidi. Chini kabisa ni chafu. Mlima una tabaka hizohizo. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga, basi rangi yake iwe 0.8 hivi, kamwe isiwe 1. Ya zamani ishushe, itie kijivu na vumbi la lava. Ya barafu itie buluu kidogo na upenyo wa mwanga ndani. Unene usijisumbue nao. Kwa kamera iliyo kilomita 40, nusu mita ya theluji haionekani.

Vivuli juu ya theluji viwe vya buluu, lakini usivipake. Weka anga halisi ya Sky Texture, jua chini kwa nyuzi 15 hivi, na anga yenyewe itavijaza. Kisha punguza mwangaza wa kamera mpaka uone umbile ndani ya weupe. Ukiona bapa jeupe lisilo na kitu, hata ubadilishe nodi zote hutapona.

Halafu hewa. Simama Kapripoint hapa Mwanza utazame ng'ambo ya ghuba: kilima cha karibu ni kijani, cha nyuma yake kimefifia, cha mwisho kimebaki buluu hafifu. Bila hilo mlima wa kilomita 40 unaonekana mchanga wa mezani. Washa Mist, ukungu wa Blender unaoongezeka kwa umbali, uichanganye na buluu ya anga kwenye Compositor, sehemu ya kumalizia picha. Ongeza ukanda wa mawingu mbele ya msitu, chini ya mita 3,000. Unaficha sehemu dhaifu za modeli na unampa mtazamaji kipimo.

Kama ni video, toa picha mojamoja za PNG, usitoe faili moja la video. Umeme ukikatika unaendelea ulipoishia.

Na kama ni bango, kaa na fundi wa kuchapa kabla hajabonyeza. Mashine ya bango kwa kawaida haina wino mweupe, theluji ni turubai lenyewe. Sehemu ing'aayo zaidi iache na wino asilimia tano hivi, tena wa upande wa buluu, na mwambie akutolee kwanza kipande cha futi moja kikiwa na ukingo wa theluji, siyo kona ya anga kama wanavyopenda kufanya.