Plota inazimika ukiongea redioni: jinsi ya kuitafuta hitilafu ya umeme kwenye mashua ya tanga

Plota, yaani skrini ya ramani ya kuongozea chombo, inawaka vizuri mkiwa mmetia nanga. Mkishatweka tanga na nahodha akabonyeza kitufe cha redio ya VHF ili azungumze, skrini inazimika na kuanza upya. Au inazimika injini ikipigwa stati, au otopailoti (mtambo unaoshika usukani wenyewe) ikianza kushindana na mawimbi ya kusi. Wengi huamua plota imekufa, wananunua nyingine, na hiyo mpya inazimika vilevile. Mara nyingi kifaa ni kizima. Ubovu uko njiani, kati ya betri na kifaa, na hauonekani mpaka umeme mwingi upite.

Redio ya wati 25 huvuta kama ampea 5 hadi 6 inaporusha sauti. Ikisikiliza tu haifiki hata ampea 1. Sasa fikiria waya ulioliwa na chumvi, zimebaki nyuzi mbili tatu. Ukiupima vifaa vikiwa vimezimwa, mita ya umeme (multimeta) itaonyesha volti 12.5, maana mita yenyewe haivuti umeme wa kutajika. Utaridhika kwamba waya ni mzima, kumbe hapo palipoliwa pana ukinzani wa, tuseme, omu 0.3. Zikipita ampea 6, volti 1.8 zinapotelea hapo hapo. Kwa hiyo pima umeme ukiwa unavutwa. Ukishika hilo, kazi iliyobaki ni uvumilivu tu.

Kabla ya kugusa chochote, vua pete na saa ya chuma. Kama uko baharini, andika mahali ulipo kwenye ramani ya karatasi na uhakikishe dira ya sumaku inasomeka. Ukilazimika kufungua betri, toa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha ifunge mwisho. Usisogeze taa ya mafuta wala sigara karibu na betri inayochajiwa, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka.

Anza na betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika saa chache husoma kama volti 12.7, kwenye 12.2 imebaki nusu. Chini ya 11.9 imekwisha. Isomapo 12.6 halafu ikaporomoka hadi 10.5 kwa mzigo wa ampea 6 tu, betri imechoka na hakuna waya utakaoiponya. Plota ikizimika wakati wa stati pekee, angalia kama inakula betri moja na stata. Stata huvuta ampea mia na zaidi, hivyo vyombo vya kuongozea vipewe betri yao.

Betri ikiwa nzima, fuata waya. Usimwambie mtu abonyeze redio kwa dakika kumi, na kamwe usirushe sauti redio ikiwa haina antena, maana unaweza kuiunguza. Tumia balbu ya gari. Chomoa kifaa, kisha unganisha balbu kwenye ncha za waya zake. Balbu ya taa kubwa ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6, inafaa kwa njia ya redio. Kwa plota yenye fyuzi ya ampea 3, tumia balbu ya breki ya wati 21, la sivyo utaikata fyuzi bure.

1. Weka mita kwenye volti za DC. Ongeza urefu wa ncha moja kwa waya wowote wa mita 10; unene wake hauna maana hapa.
2. Balbu ikiwa inawaka, gusa ncha nyekundu kwenye kichwa chanya cha betri. Gusa kichwa chenyewe, usiguse klampu (kibano cha waya kinachokaa juu yake).
3. Ncha nyeusi ipeleke kwenye klampu, kisha swichi, kisha upande wa kuingia wa fyuzi, kisha upande wa kutokea, mpaka ufike kwenye balbu.
4. Kiungo kizima hupoteza chini ya volti 0.05. Pale namba inaporuka ghafla, mfano kutoka 0.06 hadi 0.9, umeshaukamata ubovu: uko kati ya pointi hizo mbili.
5. Rudia yote upande wa hasi, kuanzia kichwa hasi cha betri.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa zaidi. Watu hukagua waya mwekundu siku nzima, kumbe baa ya hasi, yaani kipande cha chuma kinachokusanya waya zote za hasi, iko chini karibu na maji ya ngama, imeota kutu ya kijani.

Upotevu wa pande zote mbili ukijumlishwa usizidi asilimia 3, yaani volti 0.36 kwa mfumo wa volti 12. Kama umezidi na hakuna kiungo kinachoruka, waya ni mwembamba. Betri ikiwa mita 7 kutoka kwenye redio, umeme husafiri mita 14 kwenda na kurudi. Waya wa milimita 1.5 za mraba utapoteza kama volti 1 kwa ampea 6. Wa milimita 4 utapoteza karibu 0.4, wa milimita 6 karibu 0.26. Weka wa 6.

Mshukiwa wa kwanza ni kile kishikio cha fyuzi ya kioo chenye springi, kinachoning'inia kwenye waya. Springi hushika kutu na kupata joto. Kiguse kwa vidole balbu ikiwaka, utalisikia. Kibadilishe na cha fyuzi bapa chenye kifuniko cha mpira.

Unapotengeneza, kata waya mpaka uone shaba inayong'aa. Weusi hupanda ndani ya ganda, wakati mwingine shubiri nzima. Tumia waya wenye nyuzi zilizopakwa bati, bana lagi (kichwa cha chuma cha ncha ya waya) kwa koleo lake, funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakufai: joto huilegeza tepu, nayo huhifadhi maji ya chumvi. Silikoni inayonuka siki nayo hula shaba.

Kama volti ziko sawa lakini kina au upepo hauonekani kwenye skrini, shuku mtandao wa NMEA 2000, yaani kebo inayounganisha vyombo vya mashua ili vipeane taarifa. Zima umeme wake, pima omu kati ya waya mweupe na wa buluu. Isome 60. Ikisoma 120, kizibo kimoja cha mwisho (kikinza kinachofunga ncha ya kebo) kimekosekana au kimeachia. Ikisoma 40, kuna vitatu. Vinatakiwa viwili tu, kimoja kila ncha.

Redio ikikwaruza au AIS (mfumo unaoonyesha meli zilizo karibu) ikipotea usiku, angalia taa za LED. Chagua chaneli tulivu, geuza skwelchi (kitufe cha kuzuia kelele za redio) mpaka kelele iishe tu, kisha washa taa moja moja. Kelele ikirudi, taa hiyo ndiyo yenye makosa: isogeze mbali na antena na kebo yake, au uibadilishe.