Kabla hujamhamishia mama mjini, pima miguu yake

Tulipomleta mama Dar es Salaam kutoka Lushoto tuliandaa kila kitu: kitanda, godoro jipya, televisheni, hadi dada wa kumchotea maji ya kuoga. Kule kwao alikuwa akipanda mlima na mzigo wa kuni kichwani, anainamia jembe, anachuchumaa jikoni na chooni. Sisi tukamkalisha kwenye kochi, tukaita heshima. Miezi minane baadaye akawa hainuki kwenye msala bila kushika ukuta. Sote tukasema ni uzee.

Uzee ulikuwemo, ila tuliusaidia. Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya 30, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Mwili usiotumika hausubiri hata huo mwendo. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Kochi si kitanda, lakini njia ni ileile.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi, mpime. Tafuta kiti kisichoyumba, kiegemeze ukutani, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kukaa mara tano huku wewe ukitazama saa. Zikizidi sekunde 15, misuli ya miguu imeshaanza kudhoofu. Andika tarehe na sekunde mahali, mrudie baada ya miezi mitatu. Usimfanyie kama mtihani, fanyeni wote. Mimi wa kiti cha ofisi nilipata 13, nikanyamaza.

La pili ni hospitali: presha, sukari, figo. Kama ana maumivu ya kifua, kizunguzungu au goti linalovimba, aonwe na daktari kabla ya mazoezi yoyote, na ikiwezekana mtaalamu wa fiziotherapia amwonyeshe mikao. Mwenye sukari ana sababu ya ziada ya kuitunza misuli, maana ndiko sehemu kubwa ya sukari ya mlo inakopelekwa.

Chakula ndipo wengi tunapokosea, na tunakosea kwa upendo. Bibi anapewa chai na mkate asubuhi, uji saa nne, jioni ugali laini na mchicha kwa sababu "meno hayana nguvu". Ameshiba, misuli haijala. Mtu mzima wa umri huo anashauriwa apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji 60 hadi 72. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Piga hesabu ya mkate na chai uone. Dagaa husagwa wakawa unga wa kuchanganya kwenye mboga, choroko hupondwa, maziwa ya mgando hayahitaji meno. Zigawe asubuhi, mchana na jioni, si zote usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini mpaka daktari aseme.

Halafu kazi. Usimnyang'anye zote. Aendelee kufagia, kumwagilia mchicha, kubeba dumu la lita tano kama analiweza. Lakini kazi za nyumbani peke yake hazitoshi, kwa sababu msuli hukua pale mzigo unapoongezeka kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze ya nguvu na ya kutoyumba (usawa wa mwili) siku tatu. Kwetu ni kusimama na kukaa kitini mara nane hadi kumi, kupumzika, kurudia, kusimama kwa vidole huku ameshika sinki, kusukuma ukuta, kunyanyua chupa mbili za maji. Asibane pumzi anaponyanyua, presha hupanda ghafla. Kumi zikiwa rahisi, kiti kinashuka kuwa kigoda.

Dada zangu waliniuliza kama si kumchosha bure. Mwaka 1990 kulichapishwa matokeo ya wazee wa makao fulani Boston, wa miaka 90 hivi, waliofanya mazoezi ya uzito wa miguu kwa wiki nane. Nguvu zao zilizidi maradufu. Mama ana 71.

Nyumba nayo iangalie: kandambili zilizolika, kizulia kinachoteleza, vigae vilivyolowa, taa ya njia ya chooni. Na kabla hajashuka kwenye basi, mjue nani atasimama naye siku hizo tatu, maana peke yake ataacha. Kwetu ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kabla ya taarifa ya habari. Anayehesabu ni mjukuu wa darasa la pili, na akiruka namba mama anamwambia waanze upya.